Kihori cha yoti hapa Dar: faiba, plaiwudi, plastiki au kidau cha mbao?

Yoti ikishafunga boya pale ghuba ya Msasani, kazi ya kukufikisha nchi kavu ni ya kihori. Ndicho kinachobeba watu, maji ya kunywa, dumu la dizeli, mtungi wa gesi, samaki wa Feri, na mgeni ambaye chombo kidogo kuliko vyote alichowahi kupanda ni pantoni ya Kigamboni. Wenye yoti wengi wanalijua hilo, lakini wakienda kununua huuliza kwanza kasi, kisha bei. Mimi ningeuliza uzito. Na si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, bali uzito wa chombo kikiwa na mashine, tangi, nanga na makasia, kikibebwa na watu mnaosafiri nao kwa kawaida, wawe mume na mke waliovuka miaka hamsini au baba na watoto wake wawili.

Ninalinganisha hapa vihori vigumu, yaani visivyojazwa upepo, vya urefu wa kama mita 2.3 hadi 3.3, kwa yoti ya mita 9 hadi 13 inayokaa Dar na kutoka kwenda Bongoyo, Mbudya, Sinda, Unguja au Mafia. Boti la mpira litaingia pia, kwa kuwa ndilo wengi wanaloliwazia kabla hawajafikiria kingine.

Maji yanapotoka

Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Kwenye ufukwe uliolala kama wa Msasani au Kunduchi, mita hizo tatu za kwenda chini ni mamia ya mita za mchanga mtupu. Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza na ya mwisho huchukua kidogo tu, na saa mbili za katikati huondoka na karibu nusu ya maji yote.

Sasa weka jambo hilo kwenye saa za Dar. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi na kitu alfajiri na hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati uleule ambao watu wa Jumamosi wanashuka kutafuta mkate na barafu. Ukifika ufukweni saa mbili, ukafunga kihori kwenye kina cha magoti, ukirudi saa tatu na nusu utakikuta kimepwelewa na bahari iko mbali. Mwenye kihori cha kilo 30 na mashine ndogo atashika tezi (nyuma), mwenzake atashika omo (mbele), wataondoka. Mwenye cha kilo 90 pamoja na mashine yake atakaa kivulini hadi kama saa saba mchana, maji yatakaporudi pale alipokiacha. Unaweza kukiacha na nanga kwenye kina kirefu zaidi, ni kweli, lakini basi uwe tayari kuloa kifua kwenda na kurudi, na mkate pia.

Kuna magurudumu ya kukunja yanayofungwa kwenye tezi. Yanafaa kwenye mchanga mgumu. Kwenye mchanga laini, tope au mawe ya matumbawe unarudi kubeba.

Ghuba ya Msasani nayo ina tabia yake. Rasi inaikinga na kusi, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba mambo huwa shwari kiasi. Kaskazi ikianza kuvuma, upande wa kaskazini uko wazi, na viwimbi vifupi huingia moja kwa moja hadi kwenye maboya. Hapo ndipo kihori kigumu kinaonyesha ubaya wake mkubwa: usiku maji yakienda huku na upepo ukienda kule, kinajigonga ubavuni mwa yoti hadi alfajiri. Boti la mpira halina kelele hizo. Dawa ni dafrau (kinga ya kuzuia kugongana) ya kuzunguka ukingo wote, ya kamba nene au hosi kuukuu iliyovikwa turubai. Iliyo bora zaidi ni kukiinua kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, na kukining'iniza ubavuni jioni. Kukiinua kunakizuia pia kuota magugu na kuondoka na mtu mwingine. Ila hapo tena tunarudi kwenye uzito.

Faiba

Hii ndiyo njia fupi. Mafundi wa faiba wapo pwani yote, kwa sababu boti nyingi za uvuvi na za utalii sasa ni za faiba, na ukipasua kihori leo utapata mtu wa kukiziba kesho, iwe Dar, Nungwi au Kilindoni. Faiba haiozi, haihitaji kulowekwa, na ukiisahau juani mwaka mzima kitakachochakaa ni jelikoti tu, lile tabaka la juu lenye rangi.

Shida iko kwenye mkono wa fundi. Aliyezoea kutengeneza boti la mita 7 la kubeba nyavu na barafu, ukimwagiza kihori cha mita 2.5 atakutengenezea boti la mita 7 lililofupishwa. Ataongeza mat (tabaka za nyuzi za faiba) mbili kwa nia njema, ataweka mbao nene za kukalia, na utapokea kitu cha kilo 70 au 80 ambacho hakitavunjika kamwe wala hakitabebeka kamwe. Kilichotengenezwa vizuri cha ukubwa huo kinapaswa kuwa kati ya kilo 45 na 60. Kwa hiyo mkataba wenu uwe wa kilo, na pesa ya mwisho itoke baada ya mzani. Mwambie aweke povu gumu katikati ya tabaka kwenye sakafu, faiba nene iwe kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na kwenye kona tu, na viti viwe maboksi yaliyozibwa yasiyoingiza maji, maana kihori cha faiba kisicho na hewa iliyofungiwa kikijaa maji kinakwenda chini.

Huko nje kuna vya faiba vyenye majina ya miaka mingi. Dyer Dhow ya Marekani ilianzia nyakati za Vita vya Pili vya Dunia na bado inapendwa kwa kuvutika vizuri kwa makasia. Pamoja na jina lake haifanani na jahazi hata kidogo. Mgeni anayepita na yoti yake akiwa anauza kimoja cha aina hiyo, kiangalie.

Plaiwudi ya kushonwa

Hapa ndipo ninapoegemea.

Njia yenyewe ni hii: unakata mbao za plaiwudi kwa umbo lililochorwa, unatoboa matundu kwenye kingo, unazishona pamoja kwa waya wa shaba, kisha unajaza pembe kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao na kubandika utepe wa faiba juu yake. Waya unatolewa, epoksi inabaki. Kilichoifanya njia hii ijulikane duniani ni Mirror ya Uingereza, iliyochorwa na Jack Holt na Barry Bucknell mwaka 1962: mita 3.3, kilo 45 na nusu, na zimejengwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu wasiokuwa mafundi wa vyombo. Kwa pwani hii kushona chombo si mageni. Mitepe ya Lamu ilisafiri ikiwa imeshonwa kwa kamba za makumbi, haina msumari.

Faida ni wepesi. Eastport Pram, ramani inayouzwa Marekani pamoja na mbao zilizokatwa tayari, ina urefu wa mita 2.4 na uzito wa kilo 28 hivi. Hiyo mtu mmoja mwenye nguvu anaipakia juu ya gari peke yake. Faida ya pili inawahusu wenye sitaha fupi: plaiwudi inakubali kukatwa katikati. Unajenga kihori kizima, unaweka kuta mbili zilizokaribiana katikati yake, unapitisha msumeno kati ya kuta hizo, na nusu ya omo inaingia ndani ya nusu ya tezi. Cha mita 3.3 kinalala kwenye nafasi isiyofika mita 2, kati ya mlingoti na mbele. Kukiunganisha ni boliti kadhaa, na ukishazoea unaifanya kazi hiyo kikiwa tayari majini. Kwa yoti ya mita 10 sijaona njia nyingine ya kupata kihori cha kubeba watu wanne bila kukivuta nyuma.

Lakini njia hii ina masharti, na Dar inayakaza. La kwanza ni plaiwudi yenyewe. Muhuri wa marini, yaani plaiwudi ya kufaa baharini, unagongwa kwenye mbao nyingi zisizostahili. Katakata kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, warudishie wauzaji mbao zao. Ukipata ya kiwango cha BS 1088, kile cha Uingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini, ya milimita 6 inatosha sakafu, na ya milimita 4 inatosha ubavuni kwa chombo kidogo. Kipande kimoja cha kujaribia ni rahisi kuliko kihori kizima kinachofunguka kurasa baada ya masika.

La pili ni joto. Epoksi iliyochanganywa saa sita mchana Januari inaweza kuanza kutoa moshi ndani ya kopo kabla hujaifikisha kwenye mbao. Changanya kidogo kidogo, imwage kwenye trei pana badala ya kopo refu, na fanya kazi alfajiri. Unyevu wa pwani huacha utando kama wa nta juu ya epoksi iliyokauka. Uoshe kwa maji safi na sponji kabla ya kupiga msasa, ama rangi haitashika. Mwisho, jua linaila epoksi isiyofunikwa, na rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea huipasha hadi ikalainika. Paka nyeupe au krimu.

Fundi seremala mzuri wa Keko ana mikono ya kazi hii kuliko anavyojidhania. Anachokosa ni ramani na uzoefu wa epoksi, na vyote viwili vinafundishika. Unachopaswa kumkataza ni misumari.

Udhaifu wa plaiwudi ni miamba. Ukiiburuta kwenye matumbawe ya Bongoyo kila wiki, epoksi itakwaruzika hadi mbao, maji yataingia, na kuoza kutaanzia pale usipopaona. Bandika vipande viwili vya mbao ngumu chini ya sakafu vichukue mikwaruzo, na kila mkwaruzo mkubwa uzibwe wiki hiyohiyo. Mtu asiyependa kazi za aina hii arudi kwenye faiba, na hakuna aibu.

Plastiki, na alumini kwa kupita

Walker Bay 8 ni ya plastiki ya polipropilini, mita 2.5, kilo 32 hivi. Nyepesi, inavutika vizuri kwa makasia, na mwamba unaichuna tu. Portland Pudgy ni ya polithilini yenye kuta mbili, fupi kidogo kuliko hiyo lakini ina kilo 58 hivi, na ilibuniwa itumike pia kama chombo cha kujiokolea yoti ikizama. Kwa anayevuka bahari kuu wazo hilo lina maana. Kwa anayekwenda Mbudya na kurudi, ni kilo nyingi mno kwa mita 2.3.

Tatizo la plastiki zote mbili hapa ni matengenezo: gundi haishiki, epoksi haishiki, fundi wa faiba hawezi kukusaidia. Lazima ichomelewe kwa joto na plastiki ya aina ileile. Ukiiona inauzwa iliyotumika, kunja kidogo ukingo wake. Ikitoa mlio wa kukatika au unga mweupe, jua limeshaimaliza.

Alumini ni nzuri, ina kelele, inaunguza makalio saa saba mchana, na Dar ni vigumu kumpata wa kuichomelea kwa kiwango cha bahari. Napita.

Kidau cha mbao

Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na ramani za ng'ambo, Msasani na Kunduchi si wamejaa wajenzi? Swali ni la haki, na kwa bei hakuna kinachoshindana nao. Mtumbwi wa mwembe bila matengo (miti ya ubavuni ya kuuzuia usipinduke) hauna uthabiti wa kupandisha mgeni mwenye mifuko miwili, na ukiufanya ngalawa kwa kuuwekea matengo hauwezi tena kulala ubavuni mwa yoti. Kwa hiyo mtumbwi unatoka. Kinachobaki ni kidau kidogo cha mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) na kukalafatiwa, yaani kuzibwa mishono, kwa pamba.

Hicho ni chombo kizuri kikikaa majini. Mbao zake zimevimba, zimebanana, na sifa, yale mafuta ya samaki, inapakwa kila mara. Kipandishe juu ya sitaha ya yoti wiki mbili, jua likipige; mbao zinasinyaa, pamba inalegea, na siku unapokishusha Mafia kinavuja kila mshono hadi kivimbe tena. Chombo kilichobuniwa kuishi majini na kwenye mchanga wenye unyevu hakipendi sitaha. Mwenye yoti isiyotoka Msasani ila mara chache, na ana boya la pili la kukifunga kidau, anaweza kukichukua na akafurahi kwa miaka. Msafiri hapana.

Boti la mpira

Kwa wazamiaji na familia yenye watoto wengi, boti la mpira lenye sakafu ngumu lina ubora usiobishaniwa: mtu akipanda kutoka majini kwa upande mmoja haliinami, na kwa mashine ya nguvu za farasi 15 linaruka juu ya maji na kukufikisha Bongoyo wakati mwenye makasia hajatoka kwenye maboya. Lakini makasia yake ni ya kuombea dua. Upepo wa kaskazi ukivuma na mashine ikazima, linakwenda linakotaka. Yale ya PVC gundi ya mishono huachia mapema chini ya jua letu, ya haipaloni, aina ya mpira mgumu zaidi kwa jua, hudumu zaidi na bei yake inaonyesha. Chaza walioshika kwenye miamba wana makali ya wembe. Na mashine ya 15 peke yake ni kilo 35 na zaidi, mara nyingine hamsini, kabla hujagusa boti.

Umbo, mashine na safari ndefu

Omo iliyokatwa mraba, kama ya vile vya Optimist ambavyo watoto hujifunzia kusafiri kwa tanga, inadharauliwa kwa sura yake. Hata hivyo kwa urefu uleule inakupa upana zaidi mbele, kwa hiyo mtu anayekanyaga omo hakipindui. Chini ya mita 2.6 ningechukua omo ya mraba bila kufikiri mara mbili. Juu ya hapo omo iliyochongoka inaanza kulipa, hasa kwenye viwimbi, kwa sababu ya mraba inavipiga makofi na kuwarushia maji waliokaa.

Chombo cha mita 2.4 kisichoruka juu ya maji hakivuki kama kilomita 7 kwa saa, hata ukikifungia nini. Mashine ya nguvu za farasi mbili au tatu inakifikisha hapo. Honda ya 2.3 inayopozwa kwa hewa ina kilo 14 hivi na haina njia za maji ya chumvi za kuziba. Kufunga ya 8 kwenye kihori cha namna hii ni kuzamisha tezi na kuinua omo. Lakini kabla ya mashine nunua makasia ya kweli, marefu kadiri yanavyoweza kulala ndani ya kihori, na uyafunge kwa vishwara (vitanzi vya kamba) kama hupati vyuma vinavyofaa. Kihori kigumu kinachovutika vizuri ndicho sababu ya kukichagua badala ya mpira. Ukikinyima makasia umelipia ugumu bure.

Kuhusu kukivuta nyuma kwenda Unguja, ambako ni kama kilomita 70 za mkondo wa bahari: wakati wa matlai (upepo wa mashariki) nyepesi utafika salama. Kusi ikishika, kihori kinapanda wimbi, kinakukimbilia na kugonga tezi, ama kinajaa. Kikijaa ni nusu tani ya maji iliyofungwa kwenye kamba yako, na hapo watu hukata kamba. Angalia utabiri wa mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kama kuna shaka, kiwe juu ya sitaha kabla hujatoka. Jaketi okozi zinakaa ndani ya kihori hata kwa safari ya dakika tano, na masuala ya usajili waulize TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, kabla ya kukitumia.

Nani achukue kipi

Anayekaa Msasani, anatoka wikendi, hana hamu ya kushika msasa: faiba ya fundi wa hapa, ila kwa mzani. Wawili wanaopanga kufika Mafia au kwenda mbali zaidi na yoti ya mita 10: plaiwudi ya kukatika vipande viwili, bila ubishi kwa upande wangu. Mwenye yoti kubwa yenye mikono ya kuning'iniza nyuma na watoto wanne wa kuogelea: mpira wenye sakafu ya alumini, na aweke kihori kidogo cha plaiwudi kama akipata nafasi. Aliyeuziwa Walker Bay ya bei ya chini na rafiki anayeondoka nchini: aichukue, aivishe turubai.

Kabla hujalipa chochote, peleka kihori kwenye maji ya magoti. Kijaze maji hadi ukingoni, ingieni watu wawili, muone kama kinaelea na kama kopo linaweza kushinda maji yanayoingia. Kisha kitoe, funga mashine yako mwenyewe, na ninyi mnaosafiri pamoja mkibebe hatua hamsini juu ya mchanga mkavu. Ukimwona mwenzako anakiweka chini kwenye ya ishirini, mwambie muuzaji mtaendelea kutafuta.